Mwalimu Aliyetufundisha Kusema

Kila tulipofika mahali pa semina, kitu cha kwanza alichofanya Mwalimu kilikuwa kuvuruga viti. Wenyeji walikuwa wamevipanga tangu asubuhi: mbele meza yenye kitambaa na chupa za maji, nyuma yake viti vyenye mito vya chifu na wageni, kisha mabenchi ya wananchi, na kina mama wenye watoto wachanga chini kwenye nyasi. Mwalimu alishuka garini, akawasalimu watu kwa mkono mmoja mmoja, akavua koti, akaanza kubeba. Viti vya mito vikaenda nyuma, mabenchi yakazungushwa, kina mama wakainuliwa kutoka chini, hadi mkutano wote ukawa duara na hakuna aliyejua mbele ni wapi.

Siku moja, upande wa Kiirua, chifu alichelewa akakuta mambo yako hivyo. Akasimama na kofia yake mkononi.

"Madam, sasa mimi nakaa wapi?"

"Kaa popote, Chifu. Hata hapo kando ya mama wa viazi kuna nafasi."

Chifu akakaa. Yule mama akasogea kidogo, akamtazama, kisha akamwambia kwa upole, "Na vile tumekaribiana hivi, Chifu, ile barabara yetu ya soko utaitengeneza lini?" Watu walicheka, na chifu mwenyewe akacheka. Lakini hakuja tena kwenye semina zetu.

Mimi nilikuwa dereva wa mradi. Mradi wenyewe ulikuwa wa elimu ya uraia na uangalizi wa uchaguzi, umegharimiwa na watu wa ng'ambo, nao ulikuwa na ofisi ndogo Meru mjini juu ya duka la dawa za mifugo. Vyama vingi vilikuwa vimerudi, na nchi za nje zilitaka kuona kama kweli tunapiga kura ama tunapigiwa. Mwalimu alikuwa ameacha shule ya msingi Kiirua baada ya miaka mingi ya chaki, na mumewe alikuwa ameshafariki. Aliajiriwa kuzunguka na kufundisha watu haki zao. Mimi niliajiriwa kumzungusha. Basi yote ninayoyasema hapa niliyaona kupitia kioo cha mbele au nikiwa nimeegemea mlango wa gari, nikisikiliza.

Hakuwa mtu wa Meru. Alitoka Kanja, upande wa Embu, na ingawa alikuwa ameishi Kiirua hadi nywele zikaanza kuwa nyeupe, alipofungua mdomo kila mtu alijua. Kiembu na Kimeru ni ndugu, lakini ndugu ndio hutaniana zaidi. Wazee wa sokoni walimwita mtu wa muguka, yale majani yanayotafunwa kwao Embu kama miraa ya Meru. Naye aliwajibu kwamba muguka ni majani ya watu wanaofanya kazi, na miraa ni vijiti vya watu wanaokaa. Walimpenda kwa hilo. Nadhani ugeni wake ulimsaidia pia, kwa sababu hakuwa na ukoo wa kutetea pale. Alipomwambia mtu wa Kiirua kwamba mbunge wake ni mvivu, hakuna aliyesema anaongea hivyo kwa sababu ya shamba la baba yake.

Alikuwa na misemo yake, ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwingine. Aliwaambia wafugaji kwamba serikali ni kama ng'ombe wa maziwa: usipomkama wewe, atakamwa na jirani, na nyasi ni zako. Kwa wasichana wa mashamba ya maua alisema kura ni kama mswaki, huulizwi na mtu uko wapi na humwazimi mtu. Na kwa vijana waliodai siasa ni mchezo mchafu alisema, "Sawa. Basi ukiona choo ni kichafu utaacha kukitumia?" Vijana wakamwita Cucu, yaani nyanya, hata kabla hajafika umri wa kuitwa hivyo.

Wagombea walipokuja na sukari na leso, wakufunzi wa mradi wetu katika sehemu nyingine walifundisha watu kuvikataa. Mwalimu hakufundisha hivyo. Alipanga foleni pamoja na wengine, akapokea pakiti yake ya sukari kwa mikono miwili, akasema asante. Mara ya kwanza nilishangaa.

"Mwalimu, si hiyo ni hongo?"

"Baba Mwenda, hii ni kodi yangu imerudi ikiwa tamu. Nitainywa. Kura sijamwahidi."

Mratibu wetu, mwanamume mmoja wa Ulaya aliyekaa Nairobi, alipopata habari hizo alikuja hadi Meru kumwonya. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye kuinama kila alipoingia mlangoni hata kama mlango ulikuwa mrefu kuliko yeye. Alieleza kanuni kwa muda mrefu. Mwalimu alimsikiliza, kisha akamtengenezea chai kwa sukari ileile. Mratibu aliinywa yote, akaisifu, na Mwalimu hakumwambia ilikotoka hadi alipokuwa anaingia garini. Walikuwa marafiki tangu siku hiyo.

Ni lazima niseme pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa rahisi kuishi naye. Mtu aliyefundisha wilaya nzima kuhusu uhuru wa maoni hakuruhusu maoni ndani ya gari. Yeye ndiye aliyechagua kituo cha redio, na dirisha lipi lifunguliwe, na tusimame wapi kula. Nikisema njia ya kupitia juu ni mbaya, tulipita juu. Tukikwama kwenye matope, alishuka akasukuma, na kesho yake tulipita palepale. Kanisani aliongoza kamati ya kina mama kwa muda mrefu kiasi kwamba wengine walisahau kuwa cheo hicho hupigiwa kura. Mama mmoja alipothubutu kumwuliza kwa nini hawafanyi uchaguzi, alijibu, "Kwani mimi nimekufa?" Halafu akaona alichosema, akacheka mpaka akaketi. Wiki iliyofuata akaitisha uchaguzi. Alichaguliwa tena, lakini najua hakulala vizuri mpaka kura zilipohesabiwa.

Watu huniuliza kama wale wageni wa uchaguzi walisaidia chochote. Wengine wanasema walikuja kutalii tu na fulana zao zenye mifuko mingi. Mimi huwajibu kwa mambo mawili niliyoyaona.

La kwanza lilikuwa kwenye kituo cha kura upande wa Timau, asubuhi ya baridi ile ya huko ambayo inaingia kwenye mifupa. Tulimpeleka mama mmoja wa ng'ambo, mwangalizi, mwenye nywele nyeupe na viatu vizuri. Alimkaribia mwanamke mzee kwenye foleni, akamwuliza kupitia kwa Mwalimu kama kuna mtu yeyote anayemtisha. Yule mzee alifikiri. "Hapana," akasema. "Walitutisha jana. Leo wametuacha tupumzike."

Mwalimu alitafsiri neno kwa neno. Yule mama wa ng'ambo alitikisa kichwa kwa furaha, akashukuru, akaandika kwamba leo hakuna vitisho. Mwalimu akarudia tena, polepole, akiweka mkazo kwenye jana. Mgeni akasema ameelewa, lakini yeye alikuwa amefika jana jioni, na kazi yake ilikuwa kuandika alichokiona yeye mwenyewe. Tulirudi garini, tukaenda hadi kwenye mashamba ya ngano. Hapo Mwalimu akasema, "Si mtu mbaya. Amekuja tu siku ambayo hakuna kitu."

La pili lilikuwa kwenye kituo cha polisi. Kijana mmoja, fundi wa baiskeli, alikuwa amekamatwa kwa kusema kitu sokoni kuhusu mkubwa fulani. Siku zilipita hakupelekwa kortini. Mwalimu alienda kituoni na sweta aliyokuwa akiifuma, akaketi kwenye benchi la wageni. Mkubwa wa kituo akamwuliza anataka nini.

"Nangoja kijana wangu apelekwe kwa hakimu."

"Huyo ni mtoto wako?"

"Alikuwa mwanafunzi wangu. Sina haraka, afande. Wewe fanya kazi yako."

Alifuma siku nzima. Kesho yake akarudi na mkono wa pili wa sweta. Siku hiyo mratibu naye alikuja na gari lake jeupe la ubalozi, akaliegesha nje ya lango, akakaa ndani akisoma gazeti. Hakushuka, hakusema lolote na mtu. Mchana ule kijana alitolewa. Mwalimu aliniambia jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi: "Wazungu si malaika, Baba Mwenda. Lakini gari lao, askari analiona. Mimi nimekaa hapa tangu jana na hakuna aliyeniona."

Kwa hiyo msaada ule ulikuwa wa kweli. Nalisema hilo wazi, kwa sababu lililofuata lingemfanya mtu afikiri ninawachukia. Siwachukii. Walitusimamia vizuri kabisa mpaka siku waliyoondoka.

Alikuwako msichana aliyeitwa Kagendo. Alifanya kazi kwenye shamba la maua huko Timau, ndani ya zile nyumba za plastiki ambako kuna joto nje kukiwa na baridi, na alikuwa na binti mdogo, Makena, aliyemlea peke yake. Kagendo alikuja kwenye semina ya kwanza akaketi karibu na mlango, akiwa amefunika mdomo kwa leso. Aliulizwa jina lake, akalitaja kwa sauti ambayo hata jirani hakuisikia. Mwalimu hakumlazimisha. Mwishoni mwa semina ya tatu au ya nne, walipokuwa wakizungumza juu ya wasimamizi mashambani, Kagendo aliinua mkono. Alisema kwamba kwao mwanamke mja mzito huficha tumbo chini ya aproni kwa sababu likionekana hufutwa kazi, na kwamba yeye mwenyewe alimficha Makena hivyo hadi wiki ya kujifungua. Alisema yote bila kusita, kama maji ya mtungi uliotobolewa. Alipomaliza alionekana kushangazwa na sauti yake.

Nilimwona Mwalimu siku hiyo akijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. Tukiwa njiani alisema, "Huyo ndiye." Hakusema ndiye nani. Lakini tangu siku hiyo Kagendo akawa kama bintiye. Jumapili alikuja Kiirua na Makena mgongoni, wakala mukimo, na Mwalimu alimkaripia jinsi alivyotukaripia sisi sote, na hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya mapenzi yake. Uchaguzi ulipokaribia, alimfundisha kuwa mwangalizi. Alimpa fulana ya mradi. Ilikuwa kubwa mno, ikabidi ashone mabega.

Kituo chake kilikuwa shule moja huko Timau. Upigaji kura ulikwenda shwari. Jua lilipokuwa likitua na milango imefungwa, kabla hesabu haijaanza, mtu fulani mwenye cheo alikuja akawaambia maajenti wa vyama na waangalizi kwamba wamechoka, watoke nje wanywe chai, imeletwa. Kulikuwa na baridi na chai ilikuwa moto. Wote walitoka. Kagendo alitoka pia, lakini alikumbuka alivyofundishwa, kwamba mwangalizi anaangalia sanduku wala si sufuria, akarudi na kikombe chake mkononi. Akaona kwa mlango wa nyuma watu wawili wakipakia sanduku la kura kwenye pikapu, na wengine wakiingiza jingine. Walimwona. Mmoja alimwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Dada, chai yako itapoa."

Mgombea aliyeshindwa alienda mahakamani, na wakili wake akatafuta mashahidi. Wote waliokunywa chai walisema hawakuona kitu, na kwa kweli hawakuwa wameona. Alibaki Kagendo. Watu walianza kupita karibu na chumba chake cha kupanga na kuuliza habari za mtoto. Aliogopa. Alikuja Kiirua akamwambia Mwalimu kwamba hataki kwenda kortini.

Nilikuwako. Nilikuwa nimeleta mtungi wa gesi, nimesimama mlangoni. Mwalimu alimpigia simu mratibu Nairobi, wakazungumza muda mrefu, na mratibu akaahidi kwamba kuna nyumba ya usalama Nairobi, kwamba Kagendo na mtoto watakaa huko kesi ikiendelea na hata baadaye, hadi mambo yatulie. Mwalimu alikata simu akamshika Kagendo mikono yote miwili.

"Umesikia. Ukisema ukweli husemi peke yako. Dunia nzima iko nyuma yako."

Kagendo akauliza, "Dunia gani, Mwalimu?"

"Hawa watu. Nchi zao. Mimi. Baba Mwenda hapa."

Nilitikisa kichwa kukubali. Ningefanya nini kingine? Nami niliamini.

Kagendo alitoa ushahidi Meru, katika chumba kilichojaa watu. Nilimsikia. Alisimama wima na kila neno lilifika hadi ukutani. Wakili wa upande wa pili alimwuliza kama hakuwa na chuki na mwajiri wake, kama hakuwa mama asiye na mume, kama chai ile haikuwa na mvuke uliomzuia kuona. Watu walicheka. Kagendo alingoja kicheko kiishe, akasema, "Mvuke ulikuwa kwenye kikombe. Sanduku lilikuwa mlangoni." Mwalimu, aliyekuwa ameketi mbele yangu, alinyoosha mgongo kama aliyetunukiwa nishani.

Kesi ilishindwa. Jaji alisema shahidi alionekana mkweli, lakini mtu mmoja hatoshi kubatilisha kura za maelfu. Na hata kabla hatujazoea uamuzi huo, mratibu alikuja Meru kwa mara ya mwisho. Alieleza kwamba serikali yake imebadilisha mipango. Kulikuwa na vita nchi nyingine, fedha zote zinaelekezwa huko, na huku Kenya uchaguzi umeshapita, ripoti imesema kwa jumla ulikuwa wa kuaminika. Ofisi ingefungwa. Nyumba ya usalama pia.

Mwalimu alimwuliza, "Na msichana?"

Mratibu aliinamisha kichwa. Alisema amepigania jambo hilo, ameandika, amepiga simu. Namwamini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Nitajaribu tena nikifika kwetu." Akamkumbatia Mwalimu, akainama mlangoni, akaenda. Mimi ndiye niliyempeleka kiwanja cha ndege. Njiani alitazama nje muda wote, na tulipoagana alinishika mkono akashindwa kuuachia.

Kagendo alirudi kutoka Nairobi. Shamba la maua halikumtaka, na mwenye chumba alikuwa amekipangisha kwa mwingine. Akahamia kwa Mwalimu pale Kiirua, yeye na Makena, akawa anauza mboga sokoni. Wengine walimpongeza kwa sauti ya chini. Wengine walimwita shahidi, wakilitamka neno hilo kama tusi. Mchana mmoja alisema anakwenda Timau kuchukua vyombo vyake vilivyobaki kwa rafiki, atarudi kabla ya giza. Alipatikana jioni ile kando ya barabara inayopita mashamba ya ngano. Polisi walisema amegongwa na gari. Gari gani, hakuna aliyeliona. Barabara ile ni nyeupe na wazi, mtu huonwa akija kutoka mbali sana, lakini hakuna aliyeona.

Mwalimu alipiga simu ya mratibu hadi sauti ikamwambia nambari hiyo haitumiki tena. Alipiga ubalozini. Alipewa mwanamke kijana mwenye sauti nzuri, aliyesema pole sana, kwa dhati kabisa, na kwamba mpango huo ulishafungwa na yeye hana mamlaka juu yake. Mwalimu alimshukuru. Alikaa na simu mapajani, na mimi nilikaa kwenye kiti cha pili, na chakula kilichokuwa jikoni kikaungua tukikinusa wote wawili.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwa kina Kagendo, ng'ambo ya Kiirua. Kila mtu alitarajia Mwalimu azungumze. Alipoitwa alisimama, akatazama kaburi, akaketi. Baada ya kaburi kufunikwa, mama yake Kagendo, mwanamke mgonjwa aliyeegemea fimbo, alikuja hadi tulipokuwa. Alikuwa amemshika Makena mkono. Alisema kwa Kimeru, bila kupandisha sauti, na maneno yake kwa Kiswahili ni haya:

"Mimi nilizaa mtoto wa kunyamaza. Wewe ukamfundisha kusema. Huyu sasa mlee wewe, mimi sina nguvu."

Akaweka mkono wa mtoto kwenye mkono wa Mwalimu. Sijui kama yalikuwa maneno ya laana au ya kumwamini. Nimeyageuzageuza na bado sijui. Mwalimu aliinama akambeba mtoto, ambaye alikuwa mkubwa kiasi cha kutobebwa, akatembea naye hadi garini.

Hakukaa Kiirua tena. Aliuza alichoweza, akarudi Kanja, kwenye kipande cha ardhi ambacho kaka yake alimwachia, mahali pa migomba na kahawa na udongo mwekundu unaoshika viatu. Mimi nilipata kazi ya kuendesha lori la maziwa la chama cha wafugaji, na kwa miaka mingi nilimwona mara chache tu, kwenye harusi au matanga. Alizungumza nami juu ya kahawa, juu ya magoti yake, juu ya jinsi Makena anavyofanya shuleni. Kama kulikuwa na habari za uchaguzi redioni alinyanyuka, bila kishindo, akazima. Katiba mpya ilipokuja na watu wa Kanja wakamwomba awasomee, alisema macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Lakini nilikuwa nimemwona asubuhi ileile akimsahihishia Makena kazi ya shule.

Safari ya mwisho nilikwenda kwa sababu lori lilikuwa na shughuli Embu mjini, nami nikaomba ruhusa ya mchana. Nilimkuta uani juani, amejifunika shuka miguuni. Makena alikuwa kando yake kwenye kigoda, na ungo wa maharagwe mabichi mapajani, anaambua. Alikuwa amekuwa mwanamke. Alisoma chuo huko Embu, alikuwa nyumbani kwa likizo, na alikuwa na lile paji la uso la mama yake, hata nilipomwona nilisahau kwa muda salamu niliyotaka kutoa.

Tulikunywa chai. Tulizungumza juu ya bei ya maziwa. Kisha Makena, bila kuacha kuambua, akasema kwamba chuoni kwao wamekuja watu wa mradi mpya, wanatafuta vijana wa kufunzwa uangalizi wa uchaguzi unaokuja. Wanasaidiwa na nchi za nje. Wenzake wengi wameshajiandikisha.

"Nimewaambia nitauliza nyumbani kwanza, Cucu. Naweza kwenda?"

Mwalimu aliweka kikombe chini. Alikuwa akitazama migomba.

"Hapana," akasema. "Huko hapana."

Sauti yake haikuwa ya ukali. Nilikuwa nimeisikia sauti yake kwenye viwanja na makanisa na vituo vya polisi, na sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo. "Wewe soma. Maliza chuo. Ukiona kitu, pita. Watu wakizungumza, wewe sikiliza halafu uje nyumbani. Umenisikia, mama?"

"Sawa, Cucu," Makena akasema.

Alisema hivyo tu. Hakununa, wala hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea, ganda moja hadi jingine, na maharagwe yakidondoka ungoni. Baadaye kidogo alisema anakwenda kuteka maji ya kupikia, akajipangusa nguo, akatushukuru kana kwamba tumempa kitu, akaondoka kupita nyuma ya nyumba.

Mwalimu alingoja hadi nyayo zake zikapotea. Ndipo nikamwona akianza kutetemeka mdomo, kisha mabega. Katika miaka yote, hata mazishini, sikuwa nimemwona akilia hivyo, kwa uso wazi, bila kutafuta kitambaa. Nilisogeza kiti changu.

"Yuko salama, Mwalimu," nikamwambia hatimaye. "Umemweka salama. Amekubali."

"Nimemsikia," akasema. "Amekubali. Hata hakuniuliza kwa nini."